Cherehani nyeusi za Bunia: mezani kwa fundi au tanurini?

Kwenye baraza za maduka yanayozunguka soko kuu la Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Congo, siku zinazotangulia tarehe 8 Machi huwa ngumu kwa washonaji. Vikwembe, yaani vitenge, vya Siku ya Wanawake hufika kwa mafurushi, kila mteja anataka nguo yake itoke kwanza, na cherehani za miguu hulia tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Katika msimu kama huo ndipo mashine kongwe hugoma. Gurudumu la mkono linakataa kuzunguka, au linazunguka kwa kukwaruza. Uzi unakatika kila baada ya mishono michache, na upande wa chini wa kitambaa unatoka vitanzi visivyoshika chochote. Mshonaji anaisukuma kando, anaazima ya jirani, na ile iliyogoma inabaki ukutani ikingoja uamuzi.

Uamuzi una njia tatu. Anaweza kupita mnunuzi wa vyuma chakavu, anayepima kwa kilo bila kuuliza chuma hicho kilikuwa kitu gani. Anaweza kuja kijana mwenye kopo la rangi, akaipaka weusi unaong'aa juu ya vumbi na kutu ili iuzwe tena sokoni. Au inaweza kuangukia mikononi mwa fundi anayejua kuifungua, kuiosha na kuipanga upya hadi ishone. Makala haya yanatetea njia ya tatu, na yanaanza na sababu za hesabu na ufundi kabla ya sababu za mapenzi. Cherehani ya zamani ya Singer ni miongoni mwa mashine chache zenye umri wa karibu karne moja ambazo bado zinarudi kazini kwa vipuri vipya vya bei ndogo. Mji wa Bunia unapoziacha ziyeyushwe au zifunikwe rangi, unapoteza mali. Mikono ya kuziokoa ipo. Kinachokosekana ni nidhamu ya kutambua, kuandika na kutoharibu, ambayo wakusanyaji wa mashine za kale wa Ulaya na Marekani wameikuza kwa kujifurahisha, na ambayo sisi tunaihitaji kwa riziki.

Kutoka Clydebank

Isaac Merritt Singer alipata hataza yake Marekani tarehe 12 Agosti 1851. Hakuwa wa kwanza, kwa kuwa Elias Howe alikuwa na ya kwake tangu 1846, lakini mashine ya Singer ilikuwa rahisi kuitumia, na mshirika wake, mwanasheria Edward Clark, alileta mwaka 1856 jambo lililobadilisha biashara nzima: kuuza kwa malipo ya awamu. Familia isiyoweza kulipa bei yote ilichukua mashine nyumbani ikalipa kidogo kidogo. Kufikia mwishoni mwa karne hiyo kampuni ilikuwa na kiwanda kikubwa huko Kilbowie, Clydebank, nchini Scotland, kilichofunguliwa katika miaka ya 1880. Mwaka 1913 kiwanda hicho kilitoa zaidi ya cherehani milioni 1.3 kwa mwaka mmoja, na nyingi zilipakiwa melini kwenda mabara mengine. Kilifungwa mwaka 1980. Mashine zake zimebaki kazini baada ya kuta zake kubomolewa.

Ituri ilikuwa na sababu zake za kuzipokea. Dhahabu ilionekana huko mwaka 1903, na kampuni ya kuchimba dhahabu ya Kilo-Moto iliundwa rasmi mwaka 1926. Palipo na mishahara hutokea wanunuzi wa nguo, na palipo na wanunuzi wa nguo hufika kitambaa, uzi na mashine. Wafanyabiashara walileta bidhaa, masista wa misheni wakafundisha wasichana kushona, na vituo vya foyer social vya wakati wa ukoloni wa Wabelgiji vikaifanya cherehani kuwa sehemu ya mafunzo ya wake wa wafanyakazi wa mjini. Historia hii ina sura yake chungu, maana mafunzo hayo yalikuwa pia njia ya kumwelekeza mwanamke Mkongo awe mke wa aina fulani, wa nyumba ya aina fulani. Lakini mashine ilitoka mikononi mwa waliokuwa na nia hiyo, ikaingia kwa washonaji waliotaka kuishi kwa kazi yao, na huko ndiko iliko hadi leo.

Hata Gandhi, aliyeikosoa tamaa ya mashine kwa ukali mkubwa, aliweka kando cherehani ya Singer alipoulizwa juu yake mwaka 1924. Aliiona kuwa chombo kinachompunguzia binadamu mateso bila kumwondoa kazini. Tofauti hiyo inatuhusu. Cherehani ya miguu haimnyang'anyi mshonaji kazi, haihitaji umeme wala petroli, na mwendo wake wote unatoka kwenye nyayo za anayeitumia. Katika mji ambao umeme hukatika na jenereta hula faida, sifa hiyo ina bei yake.

Kwa nini hii, na si kifyonza vumbi

Tuilinganishe cherehani na mashine nyingine ya kale. Huko Marekani na Ulaya kuna watu wanaotumia wikendi zao kufufua vifyonza vumbi vya wima vya zamani. Chanzo cha mashine hizo ni James Murray Spangler, mfanyakazi wa usafi katika duka moja la Canton, Ohio, aliyekuwa akisumbuliwa na pumu. Aliunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya, akapata hataza mwaka 1908, na haki zake zikanunuliwa na William Henry Hoover, aliyekuwa mtengenezaji wa bidhaa za ngozi. Wakusanyaji wa leo hutafuta Hoover za miaka ya 1920, wakazifungua hadi skrubu ya mwisho, wakang'arisha bodi ya alumini, wakabadilisha beringi, brashi za kaboni na waya ambao mpira wake umepasuka. Ni kazi ya subira, na wanaoifanya wanastahili heshima.

Lakini angalia wanapokwama. Mfuko wa kitambaa wa modeli fulani hautengenezwi tena. Mkanda wa mpira wenye kipimo kile umeadimika. Mota ikiungua lazima isukwe upya kwa mkono, na iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 110 wa Marekani haichomekwi kwenye volti 220 bila kifaa cha kupunguza. Mwishoni kifyonza kinawaka, kinasifiwa, kisha kinarudishwa rafuni, kwa sababu hakuna nyumba inayokitegemea. Mashine ile inaishi kwa mapenzi ya mwenye nayo, na mapenzi hayo yakiisha nayo imekwisha.

Cherehani ilipata bahati nyingine. Muundo ambao Singer iliuita aina ya 15, wenye bobini ya duara iliyosimama wima upande wa kushoto, ulinakiliwa na karibu kila nchi iliyotaka kuwa na kiwanda cha cherehani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajapani waliufanya kuwa kiwango chao cha taifa, wakauita HA-1, wakatoa mamilioni. Wahindi walikuwa na Usha yao, na Shanghai ikasambaza Butterfly Asia na Afrika. Viwanda vyote hivyo vilifuata vipimo vinavyokaribiana, na kwa hiyo kesi ya bobini iliyotengenezwa China mwaka jana huingia kwenye kichwa kilichotoka Scotland kabla ya vita, mara nyingi bila kupigwa tupa. Sindano ni ile ile inayouzwa kwa pakiti kwenye kila kibanda cha vifaa vya ushonaji, kutoka Kariakoo hadi Bunia. Mashine ya mwaka 1930 inalishwa na soko la leo.

> Kesi ya bobini iliyotengenezwa China mwaka jana huingia kwenye kichwa kilichotoka Scotland kabla ya vita.

Hapa lazima tuwe wakweli: si kila Singer nyeusi ina bahati hiyo. Modeli za 27 na 28, na ndugu zake 127 na 128, hutumia shatili ndefu yenye umbo la risasi na bobini nyembamba kama kijiti. Hizo hazikunakiliwa kwa wingi namna hiyo, na shatili ikipotea, kupata nyingine katika miji yetu ni kazi kubwa. Nyingi zina nakshi nzuri kupindukia, nyingine zikiwa na sanamu ya Sfinksi wa Misri, na ndizo humfanya mnunuzi asiyejua alipie uzuri akidhani analipia kazi. Anayetaka kuishi kwa kushona aanze kwa kufungua kile kibati kidogo cha kuteleza na kutazama kilichomo ndani, kabla ya kufungua pochi.

Yanayofanyika mezani

Mashine nyingi zinazosemekana zimekufa zimegandishwa na mafuta. Mshonaji aliyekosa mafuta ya cherehani hutia ya kupikia, na kwa siku chache mambo huwa laini. Baadaye mafuta yale hukauka yakawa gundi ya kahawia, ngumu, inayoshika kila ekseli. Anayelazimisha gurudumu kwa nguvu huvunja kitu. Anayejua huondoa kibati cha mbele na bati la chini ya sindano, hutia matone ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta, huiacha ilale usiku kucha, kisha husukuma gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo, akifuta kinachotoka na kutia tena. Ikianza kuzunguka kwa uhuru, mafuta ya taa hufutwa na nafasi yake huchukuliwa na mafuta membamba ya cherehani, kwa maana mafuta ya taa huyeyusha tu, hayalindi.

Chini ya meno yanayosukuma kitambaa hukutwa nyuzinyuzi zilizoshindiliwa miaka mingi hadi zikawa ngumu, na meno yanashindwa kupanda. Kati ya visahani vya kukazia uzi kipande kimoja cha uzi uliokatika kinatosha kuharibu mshono wote, na mwenye mashine hukaza nati bure akidhani springi imechoka. Kisha huja kazi inayomtofautisha fundi na mbahatishaji, nayo ni kupanga sindano na ndoano. Sindano inapofika chini kabisa na kuanza kupanda, uzi hujipinda nyuma yake ukafanya kitanzi kidogo, na ncha ya ndoano lazima ipite hapo, juu kidogo ya tundu la sindano, wakati huo huo hasa. Fimbo ya sindano ikiwa imeshuka au kupanda kwa unene wa ukucha, kitanzi hukosekana na mshono unaruka. Hakuna kipuri cha kununua kwa tatizo hilo. Ni skrubu moja, jicho zuri na utulivu.

Mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu ni jambo dogo linalodharauliwa. Ukilegea, mshonaji anakanyaga na mashine haiendi. Ukikazwa kupita kiasi, pedali inakuwa nzito na miguu inachoka kabla ya saa sita. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi hufanya kazi kwa muda, ila hunyooka haraka. Ngozi iliyokatwa kwa kipimo na kufungwa kwa kibanio cha waya hudumu. Baada ya hayo yote mtihani ni mmoja: vipande viwili vya kikwembe hukunjwa, vikashonwa mstari ulionyooka, kisha pande zote mbili zikatazamwa. Nyuzi mbili zikikutana ndani ya kitambaa, bila fundo kuonekana juu wala chini, mashine imerudi.

Upande wa nje una kanuni zake. Weusi wa Singer ni rangi iliyochomwa kwenye joto juu ya chuma, na nakshi za dhahabu zimefunikwa na tabaka jembamba la vanishi ya shelaki. Spiriti huyeyusha tabaka hilo kwa dakika chache. Mtu anayepangusa kwa bidii kwa kitambaa chenye spiriti, akiamini anasafisha, huona dhahabu ikigeuka fedha kisha ikatoweka, na hairudi tena. Mafuta ya cherehani kwenye pamba, kwa mzunguko mwepesi, yanatosha kuondoa uchafu wa miaka mingi.

Namba iliyo kwenye chuma

Kwenye kitako cha mashine kuna namba ya kiwanda. Kuanzia mwaka 1900 Singer iliitanguliza herufi, na herufi hizo zinasema mengi: F na Y za miongo ya kwanza ya karne ya 20 ni za Clydebank, G ni ya Elizabeth, New Jersey. Wakusanyaji waliojiunga katika chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa cherehani, ISMACS, walikusanya na kuchapisha orodha za namba hizo, na leo mtu yeyote anaweza kujua mashine yake ilitengewa namba mwaka gani na ni modeli gani. Kujua modeli ni kujua kipuri kinachoingia, na hilo humwokolea fundi safari na fedha. Kazi waliyoifanya watu kwa starehe imekuwa chombo cha kazi kwa anayetafuta mkate.

Lakini katika miji yetu namba hiyo hufunikwa rangi, au hakuna anayeiandika. Fundi mzuri hujua kichwani mashine zote za mtaa wake: ipi ina fimbo iliyopinda, ipi ilibadilishwa ndoano, ipi ina skrubu isiyo yake. Akifariki au akikimbia vita, maarifa hayo huondoka naye. Daftari la shule lingetosha kuyabakisha: namba, modeli, mwenye mashine, ugonjwa, kilichobadilishwa, tarehe. Hospitali hufanya hivyo kwa wagonjwa, na gereji nzuri hufanya hivyo kwa magari. Mashine inayolisha nyumba nzima inastahili ukurasa mmoja.

"Watu wanakimbia risasi"

Pingamizi zito kuliko yote ni la dhamiri. Ituri imepitia vita vya 1999 hadi 2003, uporaji wa Bunia wa Mei 2003, na miaka mingine ya mauaji vijijini Djugu na Irumu. Utawala wa kijeshi ulioanza tarehe 6 Mei 2021 uliwekwa kwa sababu ya umwagaji damu huo. Kuna familia zilizokaa kwa miaka mingi kwenye kambi kama Kigonze, pembeni mwa mji. Je, huu ni wakati wa kuzungumzia nakshi na shelaki?

Ni wakati wa kuzungumzia kila chombo kinachoweza kumpa mtu aliyepoteza shamba njia ya kula bila kungoja mgao. Shamba halibebeki. Kichwa cha cherehani hufunguliwa mezani kwa skrubu mbili, kikabebwa na mtu mmoja ingawa kina uzito wa zaidi ya kilo 10, na popote kitakapopata meza ya miguu kazi inaanza tena. Ndiyo maana mashirika ya misaada yanapotaka kumsaidia mwanamke aliyeokoka vita huchagua mara nyingi mafunzo ya kushona na cherehani. Mwaka 2020, barakoa zilipolazimishwa kwa sababu ya korona, cherehani hizi hizi ndizo zilizogeuza mabaki ya vitenge kuwa kinga na kipato kwa pamoja.

Kasoro ya misaada hiyo ipo kwingine. Mara nyingi mafunzo hufundisha kukata na kushona, hayafundishi kufungua na kurekebisha. Msichana anahitimu akijua kutia mikono kwenye blauzi, lakini mashine ikikwama anamtafuta fundi, ambaye karibu kila mara ni mwanaume, na siku zote za kungoja hazimwingizii kitu. Kumfundisha kupanga sindano na ndoano, kusafisha visahani na kutambua mafuta yaliyoganda kungeongeza siku chache tu katika ratiba ya kozi, na kungempa uhuru ambao cherehani peke yake haimpi. Shule za ufundi zenye mkondo wa coupe et couture (kukata na kushona) na INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, zingefaa kuanza hapo, kwa mashine kuukuu za kufunguliwa na kufungwa darasani.

> Anahitimu akijua kutia mikono kwenye blauzi, lakini mashine ikikwama anamtafuta fundi.

Mpya si ya bei nafuu zaidi?

Pingamizi la pili ni la mfuko. Mashine mpya kutoka China zinapatikana, huingia kupitia Uganda kwa Mahagi, Aru na bandari ya Kasenyi, na muuzaji huziuza zikiwa na meza, mkanda na maneno matamu. Kwa nini mtu ahangaike na ya bibi yake?

Jibu la haki lina pande mbili. Singer ya aina ya 15 ya zamani hushona mstari ulionyooka, basi. Haitoi zigizagi, haifungi kingo kwa ovaloki, na kwenye kitambaa kinachovutika inahangaika. Mshonaji wa fulana au wa suti za harusi anahitaji mashine nyingine, na kumwambia vinginevyo ni kumdanganya. Lakini chukua sare za shule, shati jeupe na sketi au suruali ya buluu, ambazo kila Septemba hushonwa kwa maelfu katika nchi nzima. Mingi ya mishono hiyo imenyooka. Chukua kikwembe cha vipande viwili, mapazia, mashuka, mifuko ya soko. Kwa kazi hizo mashine ya zamani iliyopangwa vizuri haina cha kuonea aibu, na chuma chake kizito hutulia mezani pale ambapo mashine nyepesi hutetemeka.

Upande wa pili mara nyingi husahaulika: mashine mpya ya miguu inayouzwa sokoni ni ya muundo ule ule wa aina ya 15. Mara nyingine tofauti kubwa ni jina lililobandikwa na ubora wa chuma. Fundi aliyejifunza kwenye Singer ya zamani ameshajifunza kutengeneza ile mpya, na anayesema teknolojia imepitwa na wakati ajiulize kwa nini viwanda vya Asia vinaendelea kuitoa. Umoja wa Ulaya ulipopitisha mwaka 2024 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa baadhi ya vifaa kuvirekebisha, ulikuwa ukijaribu kurudisha kwa nguvu ya sheria kitu ambacho mashine hii ilikuwa nacho tangu mwanzo: inafunguka, na kipuri chake kinapatikana.

Rangi mpya na meza za mikahawa

Wauzaji watasema mteja hununua kwa macho, na mashine isiyopakwa rangi haiondoki dukani. Kuna ukweli humo. Chuma kilichobaki uchi kikila kutu kinahitaji rangi, na hakuna sababu ya kumnyima mshonaji furaha ya kukalia mashine inayopendeza. Ubaya uko kwenye mpangilio. Rangi inayopulizwa kabla ya kusafisha huziba vitundu vya mafuta, huganda kwenye fimbo ya sindano, huficha namba na hufunika ufa ambao mnunuzi alipaswa kuuona. Mashine hiyo hung'aa sokoni na kukwama nyumbani kwa aliyeinunua, akiwa ameshalipa. Safisha kwanza, panga, jaribu kushona, funika vitundu na namba kwa karatasi ya gundi, ndipo upake. Muuzaji anayefuata utaratibu huo anastahili kuuza kwa bei ya juu, na mnunuzi ana haki ya kudai ashone kipande cha kitambaa kabla ya kulipa.

Wengine wana hofu kwamba mapenzi ya mashine za kale yatapandisha bei na kuzihamisha kwenda kwa matajiri. Hofu hii haijatoka hewani. Miguu ya chuma ya cherehani imegeuzwa meza za mikahawa na hoteli katika miji mingi duniani, na kila meza ya namna hiyo ni cherehani iliyokatwa vipande viwili. Katika jambo hili nasimama na mshonaji dhidi ya mpambaji. Mashine inayoweza kushona ina wajibu wa kwanza kwa anayeshona. Iende kwenye maonyesho ile iliyovunjika mkono wa chuma, au ile ya shatili iliyokosa shatili, na hata hiyo iende na namba yake pamoja na maelezo ya ilikotoka. Bunia ina Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu cha Shalom. Wanafunzi wa historia wangeweza kuandika safari za mashine hizi kutoka kwa wenyewe, wakati ambapo waliofundishwa na masista bado wako hai wa kusimulia.

Linabaki suala la mizani ya vyuma chakavu, na hapo mafundi wanaweza kuanza bila kungoja serikali wala mradi. Mnunuzi wa vyuma hulipia uzito, na uzito uko kwenye chuma cha kitako na mkono. Vitu vyenye thamani kwa fundi ni vyepesi: kesi ya bobini, ndoano, visahani na springi yake, fimbo ya sindano, mguu wa kukandamizia, vibati vya kuteleza. Mafundi wachache wakichanga fedha, wakanunua vichwa vilivyokufa kabla havijapanda lori, wangevua vitu hivyo na kuliachia tanuri kilichobaki. La kwanza la kuhifadhi ni skrubu. Singer ilikata nyuzi za skrubu zake kwa kipimo chake yenyewe, si kwa milimita za madukani, na fundi anayeingiza skrubu ya kawaida kwa nguvu huua tundu moja kwa moja. Kopo moja la skrubu zilizotoka kwenye mashine zilizokufa, zilizopangwa kwa ukubwa na kuandikwa zilikotoka, lingetosha kurudisha kazini mashine nyingi ambazo sasa zimesimama ukutani kwa kukosa kipande cha chuma kisichozidi punje ya mahindi.